Binti Yangu Hakuandikwa

Miezi michache iliyopita, baada ya mafundisho ya Jumamosi, kijana mmoja wa parokia yetu alinionyesha katika simu yake picha ya meli kubwa nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, iliyotia nanga katika bandari ya Barcelona. Alinieleza kwamba familia za Ulaya hulipa fedha nyingi ili kukaa ndani ya meli kama hiyo juma zima, wakila humo na kulala humo, na kila asubuhi wakishuka katika bandari nyingine ya Bahari ya Mediterania: leo Marseille, kesho Civitavecchia iliyo karibu na Roma, keshokutwa Palermo. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, na wewe umewahi kwenda likizo ndani ya meli pamoja na familia yako?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, mara moja, lakini kwamba sipendi kuisimulia safari hiyo. Yeye alicheka, akidhani ninafanya mzaha. Wenzake nao wakacheka. Nilikwenda nyumbani nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu mwalimu wa dini hapaswi kuwaficha vijana jambo ambalo lingeweza kuwasaidia, hata kama jambo hilo linamwaibisha yeye mwenyewe. Basi leo ninawasimulia.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2017. Mke wangu na mimi tulikuwa tumetimiza miaka ishirini ya ndoa. Kwa muda wa miaka miwili tulikuwa tumeweka akiba, dola moja moja, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ili siku moja tuwapeleke watoto wetu watatu Goma kwa njia ya maji. Msishangae. Mtoto wa Bukavu huliona Ziwa Kivu kila siku, lakini huliona kwa mbali, kutoka juu ya kilima, au huliona akiwa na bidoni mkononi wakati mabomba yamekauka. Tulitaka watoto wetu wakae juu ya ziwa lao siku nzima bila kazi yoyote, walitazame, na walipende.

Tulifika bandarini alfajiri. Wale kati yenu waliowahi kusafiri wanapajua mahali hapo: magunia ya unga, mashina ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, akina mama wanaouza mikate na mayai, wapagazi wanaopiga kelele ili wapishwe. Wavulana wangu wawili, mmoja wa miaka kumi na sita na mwingine wa kumi na minne, walikuwa wamepata tikiti zao. Nilibaki nikimlipia binti yangu, kitindamimba, aliyekuwa na miaka kumi. Kijana aliyekuwa akiuza tikiti alimtazama, akanitazama, akainamisha kichwa na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu bado mdogo. Toa dola tano tu, mkononi, sitamkatia tikiti wala sitamwandika. Watoto hatuwaandiki."

Nauli yake halali ilikuwa dola kumi. Nilifikiri juu ya viatu vya shule vya mwezi wa Septemba. Nilifikiri juu ya mshahara wangu, ambao vijana waliosoma ualimu wataujua bila mimi kuutaja. Nikatoa dola tano. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika mfuko wa vitumbua, na alisikia kila neno. Tulipanda melini tukiwa watano. Katika orodha ya abiria tulikuwa wanne.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, na sitaki aibu yangu iwanyime uzuri wake. Mji wetu, unapoutazama kutoka majini, unafanana na mkono wa kijani uliotumbukizwa katika maji, na rasi zake ni kama vidole. Niliwafundisha watoto, kwa maana mwalimu hawezi kupumzika hata akiwa likizoni. Niliwaambia kwamba ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari; kwamba mahali penye kina kirefu zaidi linakaribia mita 480; kwamba chini kabisa limebeba hewa ya metani nyingi, ambayo watu wanaweza kuigeuza kuwa umeme; na kwamba maji yake yanatokea hapa hapa kwetu, katika mto Ruzizi, yakishuka hadi Ziwa Tanganyika. Niliwaambia pia kwamba sambaza wanaowapenda si wenyeji wa Kivu, bali waliletwa kutoka Tanganyika katika miaka ya 1950. Binti yangu aliuliza kama sambaza nao walisafiri kwa meli. Tulicheka sana.

Tulisimama Idjwi. Watu walishuka na watu walipanda, na mananasi yakapanda pamoja nao, mengi hata harufu yake ikafunika harufu ya mafuta ya injini. Sikuona mtu yeyote aliyeandika walioshuka wala waliopanda. Nilinunua nananasi moja, mke wangu akalimenya, tukala tukiwa tumekaa juu ya magunia ya watu wengine.

Baada ya Idjwi upepo ulianza. Wale wasiolijua ziwa hudhani kwamba ziwa haliwezi kuwa na mawimbi. Meli ilianza kuyumba kutoka ubavu hadi ubavu. Mizigo iliyokuwa juu ilitoa mlio, watu wengi walikimbilia upande mmoja, na baharia mmoja akawapigia kelele warudi mahali pao. Mama mmoja alianza kusali Rozari kwa sauti, nasi tukamfuata. Nilitafuta kwa macho yale makoti ya kujiokoa, tunayoyaita jile. Niliona machache, yamefungwa kwa kamba kwenye dari.

Hapo ndipo binti yangu, aliyekuwa amenishika mkono, aliponiuliza: "Baba, sisi ni wangapi ndani ya meli hii?"

Sikujua. Nilitazama watu waliosimama, waliokaa, waliolala chini ya viti, watoto waliofungwa migongoni. Hakuna mtu ambaye angeweza kumjibu, hata nahodha. Nikamwambia: "Mwanangu, Mungu anajua."

Vijana wapendwa, neno hilo ni la kweli. Mungu alijua. Lakini siku ile nililitumia vibaya. Nilimtaja Mungu ili mtoto wangu anyamaze, na ili mimi mwenyewe nisiendelee kufikiri. Niliweka jina la Mungu mahali ambapo palipaswa kuandikwa jina la binti yangu.

Upepo ulitulia. Tulifika Goma jioni, watu wakashangilia kana kwamba tulirudi kutoka vitani, na kesho yake tulikuwa tumesahau. Tuliwaonyesha watoto yale mawe meusi ya volkano yaliyojenga kuta za mji, na mahali ambapo moto wa Nyiragongo ulipita mwezi wa Januari 2002 hadi ukaingia ziwani, ukiharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu njiani. Waliona vijana wakisukuma chukudu zenye mizigo iliyowazidi kimo. Usiku waliona wekundu wa volkano ukimulika mawingu, na hawakutaka kulala.

Siku ya pili tulitembea hadi karibu na mpaka wa Rwanda. Nilisimama hapo, nikawasimulia watoto habari za Floribert Bwana Chui, kijana aliyezaliwa Goma mwaka 1981, aliyesoma sheria, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Walimletea fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Walimpa fedha zaidi. Alikataa tena, kwa sababu alijua ni nani watakaokula vyakula hivyo. Mwezi wa Julai 2007 walimteka nyara, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Niliwasimulia vizuri, kwa sauti yangu ya darasani. Nilisema: "Tazameni, mtu mmoja alikataa kuuza maisha ya watu asiowajua." Wavulana walisikiliza kwa heshima. Binti yangu pia alisikiliza, akinitazama usoni.

Nami sikuona kitu. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimetoa dola tano mkononi, bila tikiti, lakini habari za Floribert zilipita mdomoni mwangu kama maji yapitavyo katika bomba: bomba lenyewe halinywi.

Na bado sijamaliza kuungama. Tuliporudi Bukavu, muuzaji wa tikiti alikuwa mwingine, mzee mwenye miwani, aliyefungua daftari lake na kushika kalamu tayari kuandika. Huyu hakuniomba kitu. Mimi ndiye niliyemwambia: "Mzee wangu, huyu mtoto si lazima umwandike." Safari ya kwenda nilishawishiwa. Safari ya kurudi nilishawishi mwingine. Hivi ndivyo dhambi ndogo inavyokua: mara ya kwanza inakuja na kubisha hodi, mara ya pili sisi tunakwenda kuiamsha nyumbani kwake.

Ikapita miaka saba. Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Ninyi nyote mnakumbuka. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na vita, na wenye kutafuta riziki hawakubaki na njia nyingine ila ziwa. Mashua ilikuwa imekwisha kufika, karibu inatia nanga. Watu waliokuwa ufukweni waliiona ikilala ubavu na kuzama, na wengine waliirekodi katika simu zao. Wengi walikufa, makumi ya watu. Gavana wa mkoa wetu alitaja abiria 278. Wengine walitaja hesabu nyingine. Idadi ya waliofariki nayo ilitajwa hivi leo, vile kesho. Familia zilisimama ufukweni na katika vyumba vya maiti, kila mmoja akitaja jina la mtu wake.

Jioni ile tulikuwa nyumbani. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na saba, alitazama picha zile mpaka mwisho, akaiweka simu mezani, akaniuliza kwa utulivu: "Baba, siku ile tulipokwenda Goma, kama meli yetu ingezama, wangenitafuta?"

Mke wangu alitoka akaenda jikoni. Sikuweza kusema "Mungu anajua". Nilimjibu: "Hapana, mwanangu. Kama sisi wote tungekufa, wangetafuta watu wanne. Wewe wasingejua kwamba ulikuwamo." Akaniuliza tena: "Kwa dola tano?" Nikasema: "Kwa dola tano kwenda, na tano kurudi." Hakulia. Alisema tu: "Nilisikia siku ile. Nilidhani ni mimi niliyekuwa mdogo mno, sistahili kuandikwa."

Mimi ni mwalimu. Kwa miaka karibu thelathini, kila asubuhi, nimefanya apeli: nimeita majina ya wanafunzi, mmoja mmoja, na kila mmoja ameitikia. Nimewafundisha walimu vijana kwamba apeli si desturi tupu, kwamba mtoto anayeitwa kwa jina lake hujua kuwa nafasi yake katika darasa ingeonekana kuwa tupu kama asingekuja. Nilifundisha hayo kwa watoto wa watu. Mtoto wangu nilimfundisha kinyume chake, na nilimfundisha kwa tendo, ambalo ni somo lisilofutika ubaoni.

Tangu siku ile nimeanza kufikiri juu ya bandari na orodha. Na kwa kuwa kijana yule aliniuliza juu ya Bahari ya Mediterania, ninamjibu kwa mambo matatu ya bahari hiyo.

La kwanza ni la meli ya starehe, ndugu ya ile iliyokuwa katika picha yake. Tarehe 13 Januari 2012, meli iitwayo Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, familia nyingi zikiwa likizoni. Abiria walioingia siku ile ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyishwa mazoezi ya kujiokoa. Nahodha aliondoka melini wakati watu walikuwa bado ndani yake, na baadaye mahakama ikamhukumu. Walikufa watu 32. Kumbe hata meli ya matajiri huzama mahali ambapo wakubwa wamedharau kazi yao. Lakini sikilizeni jambo hili: mtu wa mwisho aliyekosekana hakuwa tajiri. Alikuwa mhudumu wa meli, kijana kutoka India. Walimtafuta mpaka wakaupata mwili wake mwezi wa Novemba 2014, karibu miaka mitatu baadaye. Kwa nini walijua kwamba bado mmoja hajapatikana? Kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa.

La pili ni la mashua ya maskini. Tarehe 3 Oktoba 2013, siku ya Alhamisi, miaka kumi na mmoja kamili kabla ya Kituku, mashua iliyotoka Libya ilishika moto na kuzama karibu sana na kisiwa cha Lampedusa. Walikufa watu 368, wengi wao Waafrika wenzetu kutoka Eritrea. Mashua hiyo haikuwa na orodha. Majeneza yalipangwa katika jengo la uwanja wa ndege, na mengi kati yao yalikuwa na namba tu juu yake, bila jina. Bahari ni moja, kifo ni kimoja. Tofauti ilikuwa kwamba wengine walihesabiwa kabla ya kuondoka, na wengine walihesabiwa baada ya kufa.

La tatu mnaweza kulisoma wenyewe katika Biblia zenu, Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28. Mtume Paulo, mfungwa, anapelekwa Roma kwa njia ya bahari. Wanapita bandari nyingi: Kaisaria, Sidoni, Mira, kisha ile ya Krete inayoitwa Bandari Nzuri. Paulo anawaonya wasiendelee, kwa maana majira ya safari yamekwisha. Mkuu wa askari anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Dhoruba inawapiga siku kumi na nne. Na katikati ya dhoruba hiyo, wakati watu wanalishwa mkate ili wapate nguvu, mwandishi anasimama kidogo na kutupa hesabu: watu waliokuwa melini walikuwa 276.

Zamani niliisoma namba hiyo nikaipita haraka, kama tunavyopita majina magumu. Sasa siwezi kuipita. Ndani ya 276 walikuwamo askari na wafungwa, mabaharia waliotaka kutoroka, wenye mali na wasio na mali. Wote walihesabiwa pamoja, hakuna aliyekuwa mdogo mno. Na kwa sababu walijulikana idadi yao, sura ile inaweza kumalizika kwa ushuhuda kwamba wote walifika nchi kavu salama. Neno "wote" linahitaji hesabu. Asiyehesabu hawezi kusema "wote"; anaweza kusema "wengi" tu.

Tazameni pia yule mchungaji wa Injili mwenye kondoo mia. Tunasifu upendo wake kwa sababu alikwenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Tunasahau kwamba kabla ya kumtafuta alihesabu. Kama angesema jioni ile, "Kondoo ni wengi, Mungu anajua," yule mmoja angeliwa na fisi, na mchungaji angelala usingizi mtamu. Hata Yosefu na Maria, walipotoka Yerusalemu, walitembea siku nzima wakidhani kwamba Mtoto Yezu yumo katika msafara. Msafara mkubwa hudanganya. Kila mtu hudhani kwamba mtoto yuko pamoja na mwingine.

Nilikwenda kuungama. Padri hakunifariji haraka, na ninamshukuru kwa hilo. Aliniagiza nizirudishe dola zile kwa wenye shida, na nimwombe binti yangu msamaha ana kwa ana, bila kujitetea kwa umaskini wangu. Nilifanya yote mawili. La pili lilikuwa gumu zaidi. Mwanamume wa umri wangu hajazoea kusimama mbele ya mtoto wake na kusema, "Nilikukosea." Yeye alinisikiliza, kisha akasema, "Nimekusamehe, Baba. Lakini usifanye hivyo kwa mtoto mwingine." Ndiyo maana ninawaandikia.

Tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui alitangazwa kuwa Mwenye Heri, shahidi, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, kule Roma. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amemtaja kwa jina tarehe 2 Februari 2023 mjini Kinshasa, mbele ya vijana na makatekista wa nchi yetu. Basilika hiyo ndimo lilimo kaburi la Paulo. Yule aliyevuka bahari katika meli yenye watu 276, na yule kijana wa pwani ya ziwa letu, wamekutana hapo. Siku ile nilikaa kimya pamoja na familia yangu, nikakumbuka jinsi nilivyosimama mpakani nikisimulia ushujaa wa mwingine. Floribert hakuulizwa kama yuko tayari kufa. Kwanza aliulizwa swali dogo, la fedha, la siku ya kawaida ya kazi. Ni katika swali hilo dogo alipojibu swali kubwa. Mimi pia niliulizwa swali dogo, katika bandari ya mji wangu.

Pengine mtasema: "Mwalimu, orodha haizuii mashua kuzama." Ni kweli kwamba karatasi haielei. Lakini fikirini vizuri. Mashua hujazwa kupita kiasi kwa sababu wanaozidi hawaonekani katika karatasi. Kila mmoja anayepanda bila kuandikwa anampa mwenye chombo ruhusa ya kusema kwamba hakuzidisha. Jile hutayarishwa kwa hesabu ya orodha, na wazamiaji hutafuta kwa hesabu ya orodha. Mimi niliyetoa dola tano kwa siri nilisaidia kuijaza meli ile kwa mikono yangu, kisha nikaanza kusali Rozari upepo ulipokuja. Sala ile ilikuwa njema, lakini ilipaswa kutanguliwa na ukweli.

Kwa hiyo ninawaomba mambo machache, kama baba na kama mwalimu. Mnapokwenda katika mkusanyiko wa vijana, kwa basi au kwa mashua, kiongozi wenu aandike majina yote, na nakala moja ibaki kwa mtu asiyesafiri. Dai tikiti yenye jina lako, hata kama unaambiwa kwamba unachelewesha watu. Ukiona chombo kimejaa, baki. Aibu ya kurudi nyumbani na mzigo wako ni ndogo kuliko msiba. Usipande na mtoto ambaye hakuandikwa. Na ikiwa siku moja wewe ndiwe utakayeshika kalamu bandarini, au mpakani, au katika ofisi yoyote, kumbuka kwamba kila jina unaloliacha ni mtu ambaye hatatafutwa.

Sasa ninalo daftari dogo lenye jalada la buluu. Kila kundi ninaloongoza huandikwa humo kabla ya kuondoka. Kabla ya Noeli iliyofuata msiba ule, binti yangu alipaswa kwenda Kalehe kumtembelea nyanya yake kwa njia ya ziwa, pamoja na binamu zake. Asubuhi aliniomba daftari. Aliandika majina ya wote kwa mwandiko safi, hata la mtoto mchanga wa shangazi yake ambaye alikuwa bado hajabatizwa. Chini yake akaandika jumla: 7. Akachana nakala, akampa mama yake, akanirudishia daftari.

Nilitazama. Jina lake lilikuwa la kwanza.